Sura ya Saba: Mafaili ya Ofisi Yakae Wapi?

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za mkongo wa baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania ikadorora siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, Oktoba 29, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Ofisi iliyokuwa imeweka kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni haikupoteza hata faili moja. Mafaili yalikuwepo huko yalikokuwepo, ila hakuna aliyeweza kuyafungua.

Sasa turudi nyuma. Desemba 20, 2011, mvua kubwa iliangukia Dar es Salaam na bonde la Msimbazi likafurika. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Kabla ya hapo, Aprili 29, 2009, maghala ya silaha ya kambi ya jeshi Mbagala yalilipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa na nyumba kwa maelfu zikaharibika. Msiba wa namna hiyo ukitokea, kompyuta na karatasi si kitu cha kwanza kuulizwa, wala havipaswi kuwa. Lakini ikifika wiki ya pili, waliosalia wanapofuatilia akiba zao, hati zao za viwanja na rekodi zao za matibabu, kumbukumbu za ofisi ndogo za mtaani zinakuwa riziki na haki ya watu.

Matukio hayo manne hayafanani, lakini yote yanamwachia kiongozi wa taasisi ya Tandale, Bunju, Tandika au Mbagala swali moja: likitupata leo, tutarudi kazini lini, na tutarudi na nini mkononi? Muuza vifaa atakuuliza unahitaji terabaiti ngapi. Mwambie asubiri. Hifadhi ya data hununuliwa kwa ajili ya siku ya kurudi kazini. Chapa, ukubwa na bei vinafuata baada ya siku hiyo kufikiriwa sawasawa. Hilo ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo katika sura hii.

Mafaili yalivyo sasa

Kwa Sensa ya 2022, Kinondoni, yenye Tandale na Bunju, ilikuwa na watu 982,328, na Temeke, yenye Tandika na Mbagala, watu 1,346,674. Ukiacha benki, hospitali kubwa na ofisi za serikali, huduma nyingi ambazo watu hao huzifuata kwa miguu hutolewa na taasisi ndogo: SACCOS, zahanati binafsi, shule, msikiti au kanisa lenye mfuko wa jamii, kampuni yenye malori kumi, studio ya picha na video. Humo ndani mafaili hukaa popote. Leja iko kwenye laptopu ya mhasibu. Mikataba iko kwenye flashi ya katibu. Picha za vitambulisho vya wanachama ziko kwenye kundi la WhatsApp. Bajeti ipo mara tano, na hakuna anayeweza kuapa ni ipi iliyopitishwa na kikao.

Siku za kawaida mpangilio huu hauumizi. Maumivu huanza pale katibu anapoacha kazi na flashi yake, laptopu inapoporwa njiani, au mkaguzi anapotaka hati ya miaka minne iliyopita. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa angalau miaka 5, na flashi inayozunguka mfukoni haiwezi kubeba wajibu huo.

Hifadhi ya pamoja ndani ya mtandao wa ofisi inaleta mafaili mahali pamoja. Kila mfanyakazi anaingia kwa jina na nywila yake mwenyewe, anaona yanayohusu kazi yake tu, na faili linabaki mali ya taasisi hata mtu akiondoka. Kwa ofisi ya watu watano tu, faida hiyo peke yake inatosha kuanzia.

Maswali mawili kabla ya bei

Kabla ya kwenda Kariakoo au kuomba ankara ya bei, kikao kijibu maswali mawili, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Swali la kwanza: tuko tayari kurudia kazi ya muda gani? Nakala ikichukuliwa kila usiku, kilicho hatarini ni kazi ya siku moja. Ikichukuliwa kila Ijumaa, ni kazi ya wiki nzima. Swali la pili: tunaweza kukaa bila mafaili kwa muda gani kabla watu hawajaumia?

Tuchukue taasisi tatu za mfano, nilizozitunga kwa ajili ya sura hii. Ya kwanza ni SACCOS ya Mbagala Rangi Tatu yenye wanachama 2,000 na wafanyakazi wanane. Stakabadhi za karatasi zipo, kwa hiyo kazi ya siku moja inaweza kuingizwa upya kwa jasho. Lakini ikikaa siku tatu bila leja, wanachama watakaokuta mlango umefunguliwa na fedha hazitoki wataanza kunong'ona, na chama cha akiba huishi kwa imani. Ya pili ni zahanati ya Tandika. Mgonjwa wa shinikizo la damu yuko mbele ya daktari, na dozi yake imo kwenye kompyuta. Hapo saa moja ni ndefu. Ya tatu ni studio ya Mwananyamala inayopiga video za harusi na matangazo. Inaweza kuvumilia siku mbili bila kufungua kitu, lakini ndoa haifungwi mara ya pili kwa sababu mpiga video amepoteza diski.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya ukubwa inapokuja. Ikiwa kila mwanachama wa SACCOS ana fomu, kitambulisho na mkataba wa mkopo vilivyoskaniwa, tuseme megabaiti 5, basi wanachama 2,000 ni gigabaiti 10 tu. Studio ni dunia nyingine. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili kwenye sherehe moja, saa tatu za kurekodi, ni gigabaiti 270. Sherehe nne kwa mwezi zinavuka terabaiti moja, na mwaka ukiisha zimefika terabaiti 13 hivi. Wauzaji wanaweza kuwapendekezea sanduku lile lile wote wawili. Mmoja atalipia nafasi asiyoihitaji, na mwenzake atajaza kabla ya Krismasi.

Njia zilizopo

Njia ya kwanza ni kuchukua kompyuta moja na kuifanya ghala la wote. Inawezekana, na kwa ofisi isiyo na fedha ni mwanzo wa heshima. Zipo programu za bure, kama TrueNAS na OpenMediaVault, zinazoigeuza kompyuta ya zamani kuwa seva ya mafaili. Mashine za Windows huongea na seva hizo kwa kutumia Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mapema miaka ya 1990. Kinachohitajika ni mtu anayeijua kazi hiyo na atakayekuwepo hata mwakani.

Njia ya pili ni NAS: sanduku dogo lenye nafasi za diski mbili, nne au zaidi, linalochomekwa kwenye rauta au swichi kwa kebo, na kila kompyuta ya ofisi ikaliona kama folda. Synology na QNAP ni chapa zinazofahamika. Halina kioo wala kibodi. Linasimamiwa kupitia kivinjari. Linatumia umeme kidogo kuliko kompyuta kamili, jambo lenye uzito kwenye mtaa unaoishi kwa LUKU na betri. Kwa taasisi nyingi ninazozizungumzia hapa, hili ndilo jibu la katikati.

Njia ya tatu ni SAN, mtandao wa hifadhi unaojitegemea kwa ajili ya seva nyingi. Hiyo ni ya mabenki, makampuni ya simu na hospitali kubwa. Ofisi ya watu ishirini ikipendekezewa SAN, iombe maoni ya mtaalamu mwingine kabla ya kusaini.

Njia ya nne ni kukodi hifadhi ya mtandaoni: Google, Microsoft, Amazon, au kampuni ya ndani yenye seva katika kituo cha data hapa nchini. Hii ina uzuri ambao hakuna sanduku linaloufikia. Mafuriko ya Msimbazi hayafiki huko, na mwizi wa Keko hawezi kuvunja dirisha lake. Ubaya wake tumeuona mwanzoni mwa sura. Vituo vikubwa vya kampuni hizo vilivyo barani kwetu viko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Kwa ofisi ya Temeke, njia kuu ya kufika huko ni ule ule mkongo unaopita chini ya bahari.

Kasi nayo inaamua. Mtandao wa ndani wa gigabiti moja, kwa kebo nzuri, unapitisha megabaiti kama 100 kwa sekunde, kwa hiyo terabaiti moja inanakiliwa kwa muda unaokaribia saa tatu. Terabaiti hiyo hiyo ikipandishwa mtandaoni kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika moja, inachukua zaidi ya siku tisa. Gigabaiti 10 za SACCOS zinapanda kwa saa mbili na robo. Hesabu hii fupi inatuonyesha kwamba chama cha akiba kinaweza kupeleka nakala ya kila kitu chake mtandaoni kwa usiku mmoja, na studio ya video isijidanganye kwamba itafanya hivyo.

Diski nyingi ndani ya sanduku moja

Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililoeleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zikipangwa kwa ufundi zinavyoweza kushindana na diski moja kubwa ya ghali. Mpango huo uliitwa RAID, na leo umo ndani ya NAS nyingi zinazouzwa.

RAID 1 inaandika kitu kile kile kwenye diski mbili. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Diski mbili za terabaiti 4 zinakupa terabaiti 4 za matumizi. RAID 5 inahitaji diski tatu au zaidi na inavumilia kifo cha diski moja. Diski nne za terabaiti 8 zinakupa terabaiti 24. RAID 6 inavumilia vifo viwili, na diski hizo hizo nne zinakupa terabaiti 16.

Wengi huiona tofauti ya terabaiti 8 na kuchagua RAID 5. Wafikirie siku diski moja inapokufa. Ukiweka mpya, sanduku linaanza kuijaza upya, na kwa terabaiti 8 kazi hiyo inaweza kuzidi saa 15, zaidi kama watu wanaendelea kufanya kazi. Katika muda wote huo RAID 5 haina kinga tena. Diski nyingine ikifa, na mara nyingi zote zilinunuliwa siku moja kutoka boksi moja, kila kitu kimekwenda. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotumia diski mamia ya maelfu na kuchapisha takwimu zake, imeonyesha katika miaka ya karibuni kwamba kati ya diski 100, moja hadi mbili hivi hufa kila mwaka. Hizo zinaishi kwenye majengo yenye ubaridi na umeme uliotulia. Zetu zinaishi Mbagala mwezi Februari.

Kwa hiyo kwa sanduku la diski mbili, RAID 1. Kwa sanduku la diski nne zenye kazi ya maana, RAID 6. Nunua diski zilizotengenezwa kwa ajili ya NAS, na uliza kabisa zinaandika kwa njia gani, kwa sababu mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa zikitumia SMR, njia ya uandishi inayochelewesha sana kujaza upya. Taja CMR, njia ya kawaida isiyo na kasoro hiyo, kwenye oda yako, na kagua namba ya modeli kabla ya kulipa.

Kisha elewa mpaka wa RAID. Ni tairi la akiba: linakuokoa pancha ikitokea njiani, lakini gari likiibwa, linaondoka pamoja na gari. Mfanyakazi akifuta folda kwa bahati mbaya, RAID inaifuta kwenye diski zote kwa utii kamili. Maji yakiingia, yanaingia kwenye diski zote.

Umeme, joto, maji na wezi

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, na uwezo wake uliopangwa ni megawati 2,115. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulikuwa bado mbichi vichwani mwa watu. Lakini hata gridi ikishiba, transfoma ya mtaa inaweza kuungua na nyaya zikaanguka kwa mvua. Diski haikasiriki kwa sababu umeme umekatika saa nne. Inaumia kwa sababu umekatika katikati ya kuandika, na inaumia zaidi umeme unaporudi kwa kishindo.

Kwa hiyo UPS, betri inayoshikilia vifaa umeme unapokatika, ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya NAS. Haihitaji kuibeba ofisi nzima. Inatosha ibebe sanduku, swichi na rauta kwa dakika 15 au 20, na iunganishwe na NAS kwa kebo yake ya USB, ili betri ikikaribia kuisha sanduku lijizime lenyewe kwa utaratibu. Kebo hiyo huja ndani ya boksi la UPS nyingi, na mafundi wengi huiacha humo humo. Ulizia.

Mahali pa kuweka sanduku pachaguliwe kwa macho ya mkazi, anayejua maji yalifika wapi mwaka ule. Kama ofisi iko karibu na Msimbazi, Ng'ombe au Kizinga, sanduku lisikae chini ya usawa wa kifua, na kama kuna ghorofa ya juu, likae huko. Lisikae dirishani. Chumba kiwe na hewa inayopita. Vumbi lifutwe kila mwezi. Na kwa ofisi za ufukweni kama Kunduchi, chumvi ya hewa ya bahari isipuuzwe, maana inakula viunganishi taratibu. Kabati la chuma lenye matundu na kufuli, lililofungwa ukutani kwa boliti, linamchelewesha mwizi vya kutosha.

Nakala tatu

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, aliueneza utaratibu ambao leo wataalamu wengi wanaukubali: nakala tatu za kila faili, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya jengo. Katika mazingira yetu ninaongeza sharti moja: nakala ya nje isiwe na hatari ile ile ya jengo la kwanza. Ofisi iliyo bonde la Msimbazi ikipeleka diski yake nyumba ya pili ndani ya bonde hilo hilo, haijafanya kitu. Nakala ya Mbagala iende Tegeta, ya Mwananyamala iende Chamazi.

Anayedhani hili ni la wanyonge tu aitazame Korea Kusini, moja ya nchi zilizoendelea zaidi kwa TEHAMA duniani. Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Mfumo mmoja uliokuwa humo, G-Drive, ulikuwa umebeba terabaiti 858 za kazi za watumishi wa umma, na haukuwa na nakala nje ya jengo. Ulionekana mkubwa mno kunakiliwa. Ukaungua wote.

Kwa SACCOS yetu utaratibu wa bei nafuu ni huu. Mafaili yanaishi kwenye NAS. Kila usiku NAS inajinakili kwenye diski ya nje iliyochomekwa nyuma yake. Diski hizo ziwe mbili, na kila Ijumaa meneja anabadilisha: moja inachomekwa, nyingine inaenda kwenye sefu iliyo mbali. Diski inayosafiri ni lazima iwe imesimbwa, ili ikiporwa kwenye daladala aliyeipora apate chuma tu. Tena usiku, leja na mikataba, zile gigabaiti chache ambazo chama hakiwezi kuishi bila hizo, zinapanda mtandaoni zikiwa zimesimbwa pia.

Diski ile iliyochomolewa ina kazi nyingine. Januari 2022 wahalifu waliojiita DeadBolt walishambulia NAS za QNAP zilizokuwa zimefunguliwa moja kwa moja kwenye intaneti, wakayafunga mafaili na kudai malipo. Virusi vya aina hiyo hufunga kila kinachofikika, pamoja na nakala zilizochomekwa. Haviwezi kufikia diski iliyolala kwenye sefu. Kwa sababu hiyo, NAS isifunguliwe kwa intaneti ili tu bosi asome faili akiwa safarini. Mtu wa nje aingie kwa VPN, njia iliyosimbwa ya kufikia mtandao wa ofisi. Sanduku lisasishwe programu zake, jina la kiwandani la msimamizi lizimwe, na ule uwezo wa kukumbuka folda ilivyokuwa saa sita, jana au wiki iliyopita uwashwe tangu siku ya kwanza.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mafaili huoza. Diski iliyowekwa kabatini miaka mitano bila kuguswa inaweza kugoma siku ya kuihitaji, na nakala iliyokuwa ikishindwa kimya kimya tangu Machi haitasema mpaka uiulize.

Yapi yafichwe, yapi yasambazwe

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu asajiliwe na Tume, azilinde, na afuate masharti kabla ya kuzipeleka nje ya nchi. Zahanati ya Tandika inayotaka kuweka majalada ya wagonjwa kwenye seva ya nje ianzie hapo. Chama kinachotaka data ibaki nchini kina mahali pa kwenda. Kituo cha Taifa cha Data kipo Kijitonyama, ndani ya Kinondoni yenyewe. Na taasisi ya umma isijichagulie: Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kusimamia mambo hayo.

Lakini siyo kila data ni siri, na mfano mzuri umezaliwa Kijitonyama hapo hapo. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia mitaani pamoja na wakazi, wakachora nyumba, mitaro na njia za maji katika kata zinazofurika. Kabla yake, mwaka 2011, Tandale ilikuwa imeanza kuchorwa kwa mtindo huo. Ramani hizo ziliwekwa OpenStreetMap, ambako mtu yeyote duniani anaweza kuzipakua bure. Hata ofisi ya mradi ikiungua yote, mitaro ya Tandale bado ipo kwenye kompyuta zisizo na idadi. Kilichotolewa kwa umma hivyo hakipotei kirahisi.

Kwa hiyo pangeni mafaili yenu mafungu mawili. Ripoti za mwaka, mitaala, ramani, miongozo ya afya: zitoeni, na dunia itawatunzia. Majina, namba za vitambulisho, madeni na magonjwa ya watu: zifungieni, na mjue kwa majina nani ana ufunguo.

Uamuzi kwa taasisi tatu

SACCOS ya Mbagala inunue NAS ya diski mbili kwa RAID 1, UPS, diski mbili za nje za kubadilishana, na hifadhi ndogo ya mtandaoni kwa ajili ya kiini chake. Nafasi kubwa haihitaji; fedha iliyobaki ilipie mafunzo.

Zahanati ya Tandika ifanye kama SACCOS, na iongeze kitu kimoja: sanduku la pili, hata la hali ya chini, lenye nakala inayosasishwa kila saa, lililo tayari kuwashwa lile la kwanza likifa. Nakala za mtandaoni zisubiri hadi masuala ya sheria yamalizwe.

Studio ya Mwananyamala inunue sanduku la diski nne kwa RAID 6, kebo za Cat 6 hadi kwenye meza za wahariri, na izoee kuhamishia kazi zilizokabidhiwa kwenye diski za nje, mbili kwa kila kazi, moja ofisini na moja nyumbani kwa mshirika. Mtandaoni ipandishe video zilizokwisha kuhaririwa tu. Mkataba na mteja useme picha ghafi zitatunzwa hadi lini. Mteja akijua ni miezi sita, naye atachukua nakala yake.

Mtu, mkataba na jaribio

Vifaa hivi vyote ni vyepesi kuliko swali la nani anavitunza. Fundi aliyeweka mfumo akiondoka na nywila kichwani, taasisi imempa ufunguo wa ofisi bila kumbukumbu. Nywila ya msimamizi iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, isainiwe na mwenyekiti na mweka hazina, na iwekwe kwenye sefu. Mkataba wa matengenezo utaje fundi atafika ndani ya saa ngapi, nani anatoa diski ya akiba, na nani anaangalia kila Jumatatu kama nakala ya Jumapili usiku ilikamilika. Jina la mfanyakazi mmoja liandikwe kwenye kazi hiyo, na la mwingine wa kumshikia akiwa likizo.

Wanachama wa SACCOS wengi hawataiona NAS maisha yao yote. Mama anayeweka akiba ya biashara ya mihogo anaamini kwamba mtu fulani ndani ya ofisi ile anajua jumla yake, na ataijua hata kesho. Kununua hifadhi kwa uangalifu ni kumheshimu mama huyo kwa vitendo, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa muuzaji wala fundi peke yake. Ni kazi ya bodi.

Bodi ianze wiki hii, hata kabla ya kununua chochote. Chagueni faili moja la mwaka jana, mkataba wa mkopo au jalada la mgonjwa. Mwambieni mhusika aweke kando kompyuta anayoitumia kila siku, kisha alirudishe faili hilo kutoka kwenye nakala, huku mmoja wenu akishika saa. Andikeni muda uliotumika kwenye muhtasari, na mlinganishe na jibu lenu la swali la pili. Faili likifunguka ndani ya muda huo, mna hifadhi, na kilichobaki ni kuirudia kazi hiyo kila robo mwaka. Lisipofunguka, mmejua mapema kabla ya mvua za masika, na orodha ya manunuzi mtaiandika mkijua mnanunua nini.